Karai la Kichina la Wifi Nasriya

Wifi yangu Nasriya alikuwa mnene, na sisemi kwa kumsengenya. Ulikuwa unene wa raha, na shingo yake ya mikunjo wanawake wetu wakiisifia mbele ya macho yake. Kaka yangu Majid akitoka naye alitembea kifua mbele, na mama yetu, Bi Masouda, akijivuna kuliko wote wawili. Kwetu mke akinenepa sifa ni ya nyumba nzima: mume analisha, mama mkwe hana choyo, jiko halipoi. Akikonda, aibu nayo ni ya nyumba nzima.

Tulikuwa tumefika Matrah, Omani, mwaka ule wa 1970, ruhusa ya kurudi ilipotoka kwa watu wetu waliotawanyika tangu mapinduzi ya Zanzibar. Majid aliajiriwa katika ofisi mpya ya serikali, tukapanga nyumba mtaa wa Jibru, mimi, mama, Majid, Nasriya na watoto wao, vyumba vitatu na ua wa kupikia. Hatujamaliza hata kufungua masanduku, Nasriya akainua gunia la mchele, akaanguka nalo, amejishika tumbo.

Mimi ndiye niliyempeleka hospitali. Daktari alikuwa mama wa Kihindi, Kiarabu chake cha kujifunza, asiyejua kuzungukazunguka. Alimwambia ana ngiri ya kitovuni, na kwamba utumbo ukinaswa humo anaweza kufa kabla hajafika kwake.

"Lazima nikupasue," alisema. "Lakini kwa unene huu sikupasui. Moyo wako hautastahimili dawa ya usingizi, na mshono hautashika. Punguza kilo kumi na tano, kisha urudi."

Njiani Nasriya alinishika mkono. "Wifi, mama asijue habari ya ngiri. Mwambie daktari kasema nipungue tu."

"Kwa nini?"

"Naona haya. Yule mama mkwe wangu, ntaanzaje kumtajia kitovu changu?"

Nilimwambia haya zake zitamzika. Akacheka, akasema basi azikwe na haya zake. Majid alielezwa, mama akafichwa, na yote yaliyofuata yalitokana na hapo.

Sasa, apungue kwa kula nini? Nyumbani kwetu hapakuwa na chakula kisichoogelea samli au tui la nazi. Nasriya ndiye aliyekumbuka Wachina. Amekulia Malindi, Unguja, ukuta kwa ukuta na Mchina aliyekuwa akitengeneza tambi, na utoto wake wote amekula huku na kule. Mama wa nyumba ile, wakimwita Mama Lin, alimfundisha kupika akiwa hajafika hata kimo cha jiko.

"Familia nzima ile, wifi, hapana aliyekuwa na tumbo," aliniambia. "Ntapika kama Mama Lin."

Tulirudi kumuuliza daktari. Alicheka, akauliza hao Wachina walikuwa wakila nini hasa. Nasriya akaanza kutaja tambi za kukaanga, bata wa kupakwa asali, vitumbua vya unga na ufuta. Daktari akainua mkono.

"Hiyo ni sikukuu. Ukila hivyo kila siku utanenepa Kichina badala ya kunenepa Kiarabu. Siku za kawaida je?"

Siku za kawaida, akasema Nasriya, ni mboga tele zilizogeuzwa mara mbili tatu kwenye karai la moto, kipande cha samaki, tangawizi, thomu, na wali kibakuli kidogo.

"Hicho kula. Mafuta kijiko kimoja, usipime kwa jicho. Na ile sosi yao nyeusi iwe matone tu, ina chumvi nyingi na damu yako iko juu."

Sosi alikuwa nayo chupa moja, aliyoibeba ndani ya sanduku kutoka Unguja, imefungwa kwenye buibui lake. Watu walikimbia na dhahabu, yeye kakimbia na sosi. Kabichi hazikupatikana kila siku, kwa hiyo alitumia majani ya figili, bamia changa na mbiringani, na samaki wa Matrah, ambaye hana mfano. Karai likilia tu, ua mzima ulinukia tangawizi, nami nilikuwa nikidokoa bila aibu.

Mama hakukipenda chakula hicho tangu siku ya kwanza, na si kwa ladha. Sisi tunakula sinia moja, mikono yote inakutana katikati. Nasriya alipokaa pembeni na bakuli lake, mama aliweka tonge chini.

"Mwanangu, nani kakuudhi?"

"Hapana, mama. Daktari kasema nipungue."

"Daktari! Hayo mambo ya kwenye magazeti, wanawake wote wawe kama vijiti." Akanigeukia mimi. "Anayekula peke yake kagombana na wenziwe. Mimi nimegombana na nani?"

Majid alijifanya anatoa mwiba wa samaki.

Nasriya alishikilia. Halua ikipita aliitazama kama mtu anayemtazama jamaa yake aliyemkosea, akaiacha ipite. Nilimhurumia mpaka nami nikawa siigusi mbele yake. Baada ya wiki kadhaa tukaenda hospitali, Nasriya amevaa gauni jepesi kuliko yote, eti asihesabiwe hata uzito wa kitambaa. Akapanda mizani. Alikuwa ameongezeka.

Daktari aliisoma mizani mara ya pili. Kisha akasema, kwa upole uliouma kuliko ukali, "Dada, unaficha chakula?"

Nasriya alishuka kwenye mizani akatoka. Alilia njia nzima, ushungi umemfunika uso. Jioni ile Majid, ambaye kwa kawaida ana akili, alimuuliza kama huwa anadokoa tukishalala. Wifi yangu aliinuka. Alivua bangili zake, akaziweka juu ya sanduku, akasema, "Wagawieni wanangu, maana mimi naona siponi." Majid aliinama akashindwa kuinuka.

Hapo nikakasirika. Nilimjua Nasriya: mtu wa mambo mengi, lakini mwongo hakuwa. Wazee wanasema kikulacho ki nguoni mwako, na mimi nguo za nyumba ile nilizijua zote.

Siku ya pili, Nasriya alipoacha karai jikoni akaenda kuswali adhuhuri, nilibaki nyuma ya pazia la ghala. Haukupita muda, mama akaingia kwa kunyatia, na mwili wake ule na magoti yake yale mabovu. Alitoa mkebe wa samli chini ya mtandio, akachota kwa upawa. Si kijiko, ni upawa! Akamimina juu ya yale majani, akakoroga, akachota tena.

"Mama!"

Upawa ulimponyoka. Mimi nilipandisha sauti, na sauti yangu ikipanda hairudi upesi. Nilimwambia anajua anachokifanya? Nilimwambia mtoto wa watu analia usiku na mchana, anaitwa mwizi wa chakula, kumbe mwizi yuko hapa na mtandio wake!

Mama hakunikaripia. Alikaa juu ya kinu kilicholazwa.

"Wewe hukuiona njaa, Aliya," alisema. "Mimi nimezaliwa Rustaq, huku huku Omani. Mfereji wetu wa falaji ulikauka, maji hayakuja shambani mwaka wa kwanza, hayakuja wa pili. Dada yangu Hamdiya alikuwa na mashavu kama ya Nasriya. Yakaanza kuondoka. Kila asubuhi nnaamka nnamtazama, nnaona yamepungua. Mama yetu akimpa maji ya tende, akimwambia kula, na hapana cha kula. Tulimzika, ndipo baba akatupakia kwenda Unguja." Alijifuta kwa upindo wa mtandio. "Sasa nimerudi nchi ile ile, na nnamwona mwengine anataka kukonda mbele ya macho yangu, kwa kusudi, na chakula kipo! Ntakaa nimwangalie? Siwezi, mwanangu. Siwezi."

Nilikuwa nimejitayarisha kwa ugomvi, nikainama kuokota upawa. Nilipogeuka, Nasriya alikuwa mlangoni, bado na nguo ya sala. Amesikia yote.

Hakumgombeza. Alikuja akapiga magoti mbele ya mama, akamshika mkono, ule ule uliokuwa na samli, akaupitisha ndani ya nguo, akauweka juu ya kitovu chake.

"Mama, shika hapa."

Mama alishika. Nikaona uso wake ukibadilika. Kile kivimbe kilikuwa kama limau kubwa, na mtu akikohoa kinasukuma.

"Nini hichi?"

"Ngiri, mama. Siku utumbo ukinaswa humu, nnakufa. Na daktari hanipasui mpaka nipungue. Sitafuti uzuri mimi. Nataka kuwalea wanangu."

"Na hukunambia?"

"Niliona haya."

Mama alibaki na mkono pale pale. "Haya," alisema. "Yaa Rabbi, haya!" Akamkumbatia, wakalia wote wawili sakafuni, samli imewaenea mpaka kwenye ushungi. Na mimi nikalia, ingawa nilikuwa bado nimekasirika.

Tangu siku ile mkebe wa samli ulikaa chumbani kwa mama, na mama mwenyewe akawa mlinzi wa jiko. Nasriya akaanza kupungua. Kwanza uso, kisha mikono, kisha magauni yakaanza kumpwaya. Safari hii mizani ilisema kweli, na daktari alimwomba radhi. Lakini mama nilimwona. Kila asubuhi alimtazama mashavu, kisha akageuza macho upesi.

Na watu nao wana macho. Walikuja wageni asubuhi moja, wanawake wa Jibru na jamaa zetu, akiwemo Bi Kheiria, ambaye ulimi wake ulifika Maskati kabla ya meli yake. Tukaweka tende, halua, matunda na kahawa. Nasriya aliwakaribisha vizuri, kisha, kwa kuwa saa yake ya kula ilikuwa imefika, akakaa pembeni na bakuli lake.

Bi Kheiria alimpima kutoka juu mpaka chini.

"Masouda, mkwe wako mmemfanya nini? Gauni kama la kuazima!" Akachungulia bakuli. "Majani? Lo! Majid kapata kazi ya serikali, mkewe kapata majani ya figili!"

Wakacheka. Nasriya aliinamisha kichwa, mkono umesita juu ya bakuli. Siri ya tumbo lake haikuwa ya kusemwa mbele ya kundi lile, na mama alilijua hilo. Nilimwangalia mama. Hii ndiyo aibu aliyoiogopa maisha yake yote, imekaa kwenye mkeka wake inakunywa kahawa yake.

Mama aliinuka kwa shida ya magoti. Alikwenda akalitwaa lile bakuli mikononi mwa Nasriya, akalileta, akasogeza halua kando, akaliweka katikati ya sinia. Kisha akamwita mkwewe akae ubavuni pake.

"Bismillahi," alisema, akatia mkono. Alitafuna majani yale yasiyo na samli, yeye ambaye hata uji aliutia samli, akameza. "Nyumba hii twala hichi, Kheiria. Mimi nala, na mwanangu huyu ala. Karibu, tia mkono."

Bi Kheiria alitia mkono. Angefanya nini?

Nasriya alipasuliwa kabla mwaka haujaisha. Alipozinduka vizuri na kuruhusiwa kula, tulikwenda, mama akiwa na kikapu chake. Alitoa bakuli lililofungwa kwa kitambaa: samaki, mbiringani na tangawizi, alivyopika mwenyewe kwa mara ya kwanza. Nasriya alinitazama juu ya bakuli kwa jicho la kuuliza, nami nikamtikisia kichwa. Nilikuwapo jikoni. Hakutia samli.

Akala. Mama alimtazama anavyotafuna, machozi yanamtiririka kwenye yale mashavu yake mwenyewe, na mkono wake mmoja ukawa unapapasa ndani ya kikapu, unatafuta kitu cha kumwongezea. Haukukuta kitu. Mkebe wa samli hakuwa ameubeba.