Kitana cha Chawa

Wanawake wengine wa Michenzani huonea wivu mke mwenza, au shoga aliyenunua makochi mapya, au jirani ambaye mumewe humbebea kapu la sokoni. Sichana alionea wivu paka. Tusimcheke sana, maana wivu haumuulizi mtu nani anastahili kuonewa. Ukishaingia ndani, huvuta kigoda ukakaa. Naye mwenyewe alijua kuwa ni aibu, ndiyo maana hakumwambia mtu.

Paka huyo aliitwa Halua, jike, rangi ya halua iliyoiva vizuri, ila mgongo wake kuelekea mkiani ulikuwa umepukutika manyoya na kubaki vipele vitupu. Aliletwa na Bashira kutoka Nungwi ndani ya kapu la ukindu, siku ambayo Sichana alikuwa ameingojea miaka miwili.

Bashira ni mdogo wake, wa tumbo moja, na hawakuwa na ndugu mwingine. Baba alitangulia zamani. Mama alipofariki, Sichana alikuwa na miaka kumi na tisa na Bashira sita. Tangu hapo Sichana ndiye aliyemwogesha, akampeleka chuoni kusoma Kurani, akamlaza ubavuni pake kwenye kitanda cha mama, ghorofa ya tatu. Alikuja mchumba mmoja kutoka Wete, mtu wa heshima zake, akasema atamwoa Sichana lakini huyo mtoto abaki kwa jamaa. Sichana akamwambia awasalimie watu wa Wete.

Bashira alipokuwa darasa la pili alirudi nyumbani na chawa kichwa kizima. Majirani wakasema mtoto anyolewe, kazi ya nusu saa. Lakini zile zilikuwa nywele za mama yao, nyeusi na nzito, na Sichana hakukubali. Kila siku baada ya alasiri alikaa kwenye kigoda, akamkalisha mtoto sakafuni baina ya magoti yake, akachukua kitana cha mama, kile cha pembe chenye meno ya karibu karibu, akamchana fungu kwa fungu. Chawa akitoka, anasagwa baina ya kucha za vidole gumba. "Kidole kimoja hakivunji chawa," alikuwa akimwambia mtoto, "ndiyo maana tuko wawili." Kazi ile ilichukua siku arubaini. Chawa wakaisha, lakini mazoea yakabaki. Hata Bashira alipokuwa mtu mzima, kila Ijumaa alishuka sakafuni mwenyewe, akaweka kichwa mapajani mwa dada yake, akatiwa mafuta ya nazi, wakazungumza habari za wiki nzima.

Kisha Bashira akapata kazi hotelini Nungwi. Miaka miwili Sichana alitia nywele zake mafuta peke yake. Basi alipopigiwa simu kwamba Bashira amepata kazi ya kukata tiketi za boti Malindi na anarudi nyumbani, alifua mapazia, akapika mkate wa kumimina, akakitoa kitana sandukuni na kukiweka juu ya mto.

Bashira aliingia, akamkumbatia, akamwuliza hali. Halafu akasema, "Dada, kuna kibakuli? Huyu ana kiu."

Ijumaa ya kwanza, Sichana alikuwa keshavuta kigoda na chupa ya mafuta anayo mkononi. Bashira akakiona kitana.

"Alhamdulillahi! Hiki hasa ndicho nlichokuwa nkikitaka. Viroboto wake hawatoki kwa kitana kingine."

Akakaa sakafuni, lakini si baina ya magoti ya mtu. Akamweka paka baina ya magoti yake yeye, akasogeza bakuli la maji ya sabuni, akaanza kuchana fungu kwa fungu. Sichana alisimama pale na chupa yake. Moyo ulimuwaka. Alitamani amnyang'anye kile kitana, na alitamani vilevile alie, na kwa kuwa hakujua lipi litangulie, akaenda jikoni akaosha vyombo ambavyo vilikuwa visafi.

Wanasema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Halua alikaa wiki, akakaa mwezi, na jembe hakupewa. Alipewa vichwa vya dagaa, akapewa shuka, akapewa kitanda. Alilala katikati, kichwa begani kwa Bashira na miguu ya nyuma tumboni kwa Sichana. Viroboto nao wakamjua Sichana. Miguu yake ikajaa madoa. Akaona njia. Akaanza kupiga chafya. Alipiga chafya paka akiingia, akapiga paka akitoka, akasema kifua kinambana, pengine ana aleji ya manyoya. Chafya zote zilikuwa za uongo, ila moja iliyotokana na pilipili manga.

"Maskini Dada," Bashira akasema kwa huruma ya kweli. "Basi mie na Halua tutalala ukumbini."

Wakahamia ukumbini usiku uleule. Ndivyo Sichana alivyobaki peke yake juu ya kitanda cha mama, mzima wa afya, bila ya chafya hata moja.

Mwezi wa tatu, mgongo wa paka ukaanza kutoa damu kwa kujikuna. Bashira alikuwa zamu ya asubuhi, hawezi kutoka. "Dada, nakuomba, mpeleke wewe kwa daktari." Na Sichana, ambaye hajawahi kumwambia mdogo wake hapana, akalibeba kapu, akavuka Darajani, paka analia kama anayeibwa na watu wanageuka kutazama.

Daktari wa mifugo, Mudrik, alikuwa kijana mpole mwenye chumba kidogo ndani ya Mji Mkongwe. Alimgeuza Halua huku na huku.

"Huyu ana mzio wa viroboto, Bi Sichana. Wako paka wanaoumwa na viroboto mia wasijali. Huyu mmoja tu akimgusa, basi, mwili wote unawaka wiki mbili. Si wingi wa viroboto, ni vile alivyo yeye."

Sichana alilielewa jambo hilo vizuri kuliko alivyopenda.

Daktari akampa dawa ya matone ya kumdondoshea paka kisogoni, akamwambia mashuka na mazulia yote yafuliwe kwa maji ya moto, na paka achanwe kila siku. Alipokuwa akimrudisha kapuni akaongeza, "Na jambo moja nnamwambia kila mtu, maana kwetu hapa karafuu ni dawa ya kila kitu. Msimpake mafuta ya karafuu. Sisi yanatufaa, jino likiuma, mbu wakizidi. Paka hayawezi. Atajilamba, ini litaharibika, atakufa. Mwaka huu nshaletewa wawili namna hiyo."

Njiani Halua alitoa mkono kapuni akamparura Sichana kwenye kifundo cha mkono, mistari mitatu. Bashira aliporudi kazini alilipokea kapu, akambusu paka baina ya masikio. "Mwanangu, wamekufanya nini?" Mkono wa dada yake hakuuona. Sichana akaeleza habari ya matone, ya kufua, ya kuchana. Karafuu haikutoka. Siku ile hakukusudia; kinywa kilikuwa kichungu, akafupisha maneno akaenda zake kulala.

Wiki ikapita. Walifua, wakachana, lakini muwasho ulikuwa bado haujatulia, na Bashira akachukua ruhusa kazini akae na mgonjwa wake. Ruhusa! Mwaka juzi Sichana aliposhikwa na homa siku tisa, Bashira alipiga simu tu kutoka Nungwi, akasema bosi wake hatoi ruhusa. Sichana aliikumbuka kila siku ya zile tisa asubuhi ile, akiwa jikoni anapiga unga wa mkate.

Bi Mwatum wa ghorofa ya chini akabisha hodi. Alikuwa amesikia paka analia, na Bi Mwatum hakuwa mtu wa kusikia jambo likapita. Mkononi alikuwa na kichupa.

"Mpakeni mafuta ya karafuu, wanangu. Haya ya Pemba, safi. Kiroboto gani atakayekaa hapo?"

"Ahsante, Bi Mwatum. Yarabi, kwa nini hatukufikiri!" Bashira alikishika kichupa, kisha akasita, akageukia jikoni. "Dada, yule daktari alisema lolote kuhusu karafuu?"

Sichana alikuwa na upawa mkononi. Aliyakumbuka maneno yote ya daktari, mpaka wale paka wawili.

"Hakusema kitu," akajibu.

Bi Mwatum akashuka zake. Sichana akamimina unga kikaangoni, akafunika. Harufu ya karafuu ikaja mpaka jikoni. Hakutoka. Alijiambia, ni paka tu, paka wamejaa sokoni. Alijiambia, kesho kutwa atakuwa hayupo, Bashira atalia, na akilia atakuja kulia wapi isipokuwa mapajani mwangu? Aliliwaza hilo hasa, na likampa raha. Tusimfichie.

Ukumbini Bashira alikuwa akimbembeleza paka kwa wimbo ambao Sichana mwenyewe alimwimbia yeye utotoni. Hata wimbo, Sichana akawaza. Hata wimbo kampa! Halafu wimbo ukakatika, paka akalia, na Bashira akasema kwa sauti ya chini:

"Tulia, mama. Mie nlikuwa nkilia kuliko wewe. Watu wote walisema ninyolewe, Dada akakataa. Alinichana siku arubaini. Na mie ntakuchana arubaini, ntakuchana hata mia. Hivi ndivyo nlivyolelewa."

Upawa ulimwanguka. Sichana hakukumbuka alivyofika ukumbini.

"Mwache! Usimpake!"

Alikipiga teke kisahani cha karafuu, mafuta yakamwagika mkekani. Lakini mgongo wa Halua ulikuwa ushang'aa tangu shingoni mpaka mkiani, na ulimi ulikuwa nje, analamba.

"Daktari kakataza. Ni sumu kwa paka. Lete maji, lete sabuni ya vyombo!"

Bashira alimkamata paka, akamtazama dada yake. "Kakataza lini?"

"Siku ile nlompeleka."

Jikoni mkate ulianza kuungua. Halua alitikisa kichwa, ute ukamdondoka mdomoni. Bashira alizungumza polepole, kama mtu anayemfundisha mtoto jibu la mtihani.

"Ulisahau. Dada. Sema ulisahau."

Neno lilikuwa moja tu, na alikuwa keshatafuniwa. Kazi yake ilikuwa kumeza. Wangelilia pamoja, wangelimlaumu Bi Mwatum. Lakini Sichana alimlea msichana huyu kwa kumwambia kwamba muongo ndiye mwizi, na leo alikuwa keshasema uongo mmoja mbele yake. Wa pili ulimkwama.

"Ulipouliza, nlikuwa nnakumbuka."

"Kwa nini?"

"Nlikuwa na wivu."

"Wivu wa nani?"

Sichana akamwonyesha kwa kidevu. Nyumba nyingine wangelicheka. Bashira alimtazama paka, akamtazama dada yake, kisha akaingia bafuni na kufungulia maji.

Walimkosha mara tatu, mikono minne ndani ya beseni moja. Kisha wakamtia kapuni. Kapu lile lina mikono miwili, na tangu Bashira ana miaka sita mizigo yao yote huibeba hivyo, kila mmoja mkono wake. Safari hii Bashira alishika mikono yote miwili. Sichana akamfuata nyuma mpaka Mji Mkongwe, hatua kumi nyuma, na hakuna aliyemwambia aharakishe.

Mudrik alipokisikia kisa, alimwangalia Sichana mara moja tu, akaenda kutafuta sindano. Halua alikaa kwake siku tatu akitiwa maji kwenye mshipa. Siku ya kwanza hakuinua kichwa. Siku ya tatu alikula kipande cha samaki, na daktari akasema, "Mngelichelewa saa moja nyingine, msingelimkuta." Bashira akashukuru. Nyumbani alipika, akafagia, akaitikia salamu. Hakugomba. Sichana alitamani agombe, avunje hata sahani.

Paka alirudi siku ya Ijumaa. Baada ya alasiri Bashira alikivuta kigoda mpaka katikati ya ukumbi, akamwita Sichana akae. Akamweka Halua mapajani mwa dada yake, akamtia dada kitana mkononi.

"Mchane."

"Mie?"

"Wewe. Kila siku, mpaka manyoya yaote."

Paka hana kumbukumbu za binaadamu. Halua alijizungusha mara mbili, akajikunja, akaanza kukoroma. Alikuwa mwepesi kuliko Sichana alivyodhani, na mapaja yalipata joto palepale alipokuwa akilala mtoto zamani. Akakishusha kitana polepole, fungu kwa fungu.

Bashira alileta kigoda cha pili, akakaa mbele yake, magoti karibu yagusane. Simu aliiacha chumbani. Miezi mitatu Sichana alikuwa akitamani jambo moja tu, Bashira akae mbele yake amtazame yeye. Sasa alimtazama. Aliutazama mkono wake, kila kitana kilipoinuka na kila kilipogusa ngozi, wala hakupepesa.

Kiroboto mmoja akanasa kwenye meno ya kitana. Sichana alikuwa na mkono mmoja tu wa kazi. Wa pili umemshika paka. Alimbana kwa kidole gumba, akamponyoka, akambana tena. Akainua uso.

Bashira akalisogeza bakuli la maji ya sabuni.

"Mtie humu," akasema. Hakumwita Dada.