Nyonga za Alma

Bwana Kestner alikwisha kuamua: Rehani, mtunza mbwa wake, amempiga Alma, ndiyo maana mbwa anaburuta miguu ya nyuma. Ushahidi? Kila akishamlisha, Rehani huenda mtoni kunawa mara saba, mara moja kwa udongo. "Ninyi Waislamu mnawachukia mbwa," alisema Bwana. Basi hamsa ishirini, viboko ishirini na tano, Jumamosi asubuhi, mbele ya vibarua wote wa shamba lake la mpira.

Mimi Gabrieli ni mtoto wa misheni, na Rehani ni mtani wangu. Nimemcheka miaka kwa kunawa kwake. Lakini nilijua kwamba akishanawa humrudia yule mbwa, akaketi naye, ikambidi anawe upya. Mwenye chuki hajitafutii kazi mara mbili. Hasira zilinipanda. Nilikuwa mtumishi wa daktari wa Kijerumani aliyekuja Morogoro kwa treni na mashine ya kupiga picha za mifupa, nikamwomba ampime Alma. Akakubali, nadhani alitaka tu kuona kama inawezekana.

Ijumaa tukamlaza Alma chali mezani. Picha haitoki vizuri mbwa asipotulia, na hakuna aliyeweza kumtuliza ila Rehani. Akamnyoosha miguu ya nyuma, akawa anamnong'oneza Kiluguru, nami nikazungusha gurudumu la kuipa mashine umeme mpaka mabega yakaniuma. Mbwa hakutikisika.

Kioo cha picha kilipokauka, daktari akakiinua dirishani. Kichwa cha mfupa wa paja, akasema, hukaa ndani ya nyonga kama mchi ndani ya kinu. Kinu cha Alma hakikuwa na kina, kilikuwa kama sahani, pande zote mbili. "Hakuna palipovunjika. Amezaliwa hivi."

Nilicheka kwa furaha. "Umeokoka, mtani! Mgongo wako ni wako."

Bwana Kestner akaitwa. Alitazama kioo kwa muda mrefu, uso ukimwiva. Alikuwa amewatangazia walowezi wote kwamba Alma ni wa ukoo bora, amemtoa Ulaya ili azae. "Basi hafai," akasema. "Atazaa vilema. Kesho nitampiga risasi." Wala hakumtazama Rehani, sembuse kumwomba radhi.

Rehani alikuwa bado ameshika kichwa cha mbwa. "Bwana," akasema taratibu, "ni mimi. Nilimpiga kwa gogo."

"Picha inasema hukumpiga."

"Picha haikuwepo, Bwana. Mimi nilikuwepo."

Nikamkanyaga mguu. Hakujali. Nikamgeukia daktari, naye akawa anafuta miwani yake. Nilimchukia siku ile. Bwana Kestner alishusha pumzi kama mtu aliyetuliwa mzigo. "Nilijua! Mbwa wangu hana kasoro." Alma apumzishwe mpaka apone, akaamuru. Na hamsa ishirini ziko palepale.

"Ahsante, Bwana," akasema Rehani.

Njiani nilimtukana matusi yote niliyoyajua. "Umerogwa wewe? Mgongo wako kwa ajili ya mbwa?"

"Gabrieli, ngozi yangu itapona," akanijibu. "Risasi haina dawa."

Asubuhi hakusubiri askari wamfuate. Alikwenda mwenyewe, akavua shati, akalikunja vizuri, akalala kifudifudi.