Mdomo wa Baba Bibi Harusi

Mambo yaliharibika Alhamisi asubuhi, siku mbili kabla ya harusi. Homa ilikuwa imemwachia Mzee Tarumbeta, akaamka mwepesi, akajigusa mdomo, akaruka. Mbio hadi kwenye kioo. Malengelenge yamejaa juu na chini, mdomo umevimba kama umeumwa na nyuki.

"Kazi ya manispaa hii!" akafoka. "Mtaro hawauzibui, mbu wanatula, homa inakuja, haya, sasa mdomo wangu! Wao wako ofisini wanapulizwa na feni."

Bintiye, fundi cherehani, alikuwa akipinda gauni lake mwenyewe la harusi. "Baba, homa inatokea hapo mdomoni tu. Utapona."

"Kabla ya Jumamosi?"

Binti akaendelea kupinda. Mama wa binti alipofariki, mzee aliapa jambo moja: mwanangu ataingia ukumbini kwa tarumbeta. Na katika bendi yao ya mtaa, mpulizaji alikuwa yeye peke yake. Wengine wote ngoma na kinanda.

Nesi wa zahanati hakumpa tumaini. "Usipulize kitu, mzee. Kikombe chako ni chako, taulo lako ni lako. Na mabusu marufuku."

"Mimi mgane, mama. Nimbusu nani, manispaa?"

Jumamosi, nje ya ukumbi, akajaribu kupuliza hivyo hivyo. Ikatoka sauti ya mbuzi aliyekanyagwa, na machozi juu.

"Basi, ndugu yangu," akasema Kifua, kiongozi wa bendi. "Aingie kwa ngoma."

Mzee akainamisha kichwa. Bibi harusi, shela kichwani, akanyoosha mkono.

"Nipe, baba."

"Una wazimu? Unataka mdomo kama huu wangu, leo?"

"Nina kipulizio changu." Akakitoa mkobani, akakichomeka mahali pa kile cha baba yake, akapuliza. Wimbo wa kuingilia ukatoka safi, hata ile sehemu ya juu ambayo mzee siku hizi huikwepa. Akaingia ukumbini akijipigia mwenyewe, baba nyuma kamshikia shela, watu wamesimama juu ya viti.

"Ndiyo ile ya kila asubuhi!" akapiga kelele jirani. "Kumbe si wewe, mzee?"

Miaka yote majirani walimsifu kwa mazoezi ya asubuhi, naye akiitikia "asanteni", ilhali saa hizo yuko gereji, chini ya lori.

"Ulijifunza lini, wewe mtoto?"

"Kila ukienda kazini. Mama alikuwa analinda mlango."

Mzee akacheka, mdomo ukapasuka, akailaani manispaa, akacheka tena.

Kifua akajipenyeza katikati ya maharusi. "Bibi harusi, Jumamosi ijayo tumealikwa kupiga, na mzee bado mbovu. Utakuja?"

Bibi harusi akamtazama bwana harusi. Bwana harusi akamtazama baba mkwe. Baba mkwe akaitazama dari. Keki ikakatwa, ikaliwa, na Kifua bado kasimama pale pale.

"Sasa, anakuja au haji?"