Spidomita Iliyopimwa kwa Tepu Yangu

Mteja aliyekuja kupunguza sketi ndiye aliyeniletea habari: eti kuna dereva wa pikipiki alifunga spidomita ya dukani, ikamwambia anakwenda arobaini, kumbe anakwenda mia. Kazikwa. Nani, wapi, mteja hajui. Lakini neno lile lilinikaa kooni kama mwiba wa samaki, maana wakati huohuo mwanangu Kobe alikuwa uani anafunga ya kwake.

Tunamwita Kobe kwa sababu tangu utotoni hana haraka. Spidomita ya pikipiki yake ilikufa, akanunua hii ya kioo chenye namba za kijani. Karatasi yake ilitaka ujaze kwanza mzunguko wa gurudumu la mbele kwa sentimita, ndipo ihesabu mwendo.

"Mama, niazime tepu."

Nikampa. Mimi mshonaji, macho yangu yalikuwa kwenye cherehani. Akazungusha tepu kwenye tairi, ikaishia sitini, akaongeza kumi na tatu zilizobaki, akajaza sabini na tatu.

"Mwanangu, nasikia vitu hivi vinadanganya."

"Mama nawe! Mashine haina mdomo, itadanganyaje?"

"Basi tunaijaribu wote."

Alicheka mpaka akachuchumaa. Mimi nilishavaa helmeti.

Tukashika barabara ya nyuma ya kiwanda cha matofali, imenyooka, haina watu. Mwanzo sawa. Kisha upepo ukaanza kunivuta mashavu.

"Ngapi?" nikapiga kelele.

"Ishirini na tano!"

"Ishirini na tano gani inayonitoa machozi?"

"Woga wako tu, mama! Ngoja ifike thelathini."

Nguzo za umeme zilikuwa zinapita kama meno ya kitana.

"Kobe, punguza!"

"Nipunguze nini tena, nisimame? Angalia kioo!"

Na yeye alikuwa anakiangalia kioo, kona iko mbele. Nikampiga mgongoni kwa ngumi. Akafunga breki, tukaingia kwenye lundo la mchanga. Mimi niliketi pale mzima, kiatu kimoja. Yeye mkono wa kushoto ulikuwa umepinda mahali pasipo na kiwiko.

Fundi alipoikagua pikipiki, akauliza gurudumu lilipimwa na nini. Nikamletea tepu. Akaigeuza huku na huku, akaguna.

"Mama, upande huu inchi, huu sentimita. Huyu kajaza inchi, kioo kikadhani gurudumu ni dogo. Thelathini yake ilikuwa sabini na ushei."

Sasa mtaa mzima unasema tepu yangu imemvunja mtoto mkono. Tepu! Mimi nimeishia la saba, yeye kamaliza sekondari, na bado wa kulaumiwa ni mimi. Jana nimemkuta kitandani, plasta mpaka begani, anabonyeza kwa kidole cha mkono mzima kile kioo alichorudishiwa na fundi.

"Mama, nikipona tuijaribu tena?"

Nimetoka zangu. Nimechukua kalamu, na haya nayabandika kwenye mlango wa chumba changu cha kushonea, wenye watoto wa pikipiki wasome:

Usipime tairi kwa upande wa inchi.

Usijaze namba kabla mwingine hajapima tena.

Usiijaribu kwa kukimbia. Nenda polepole, sambamba na chombo ambacho spidomita yake ni nzima.

Usisome kioo ukasahau barabara.

Usiendelee kama aliye nyuma yako analia machozi.

Usimwambie mama yako ni woga.