Zabuni ya Fundi Bomba

Mshonaji alikuwa na harusi Jumamosi, na mpaka Alhamisi asubuhi hakuwa na hakika kama bwana harusi anaitaka. Wazo lilikuwa lake yeye. Ndiye aliyelitamka, jikoni kwake, fundi bomba akiwa amelala chali chini ya sinki kwa mara ya sijui ngapi, na jibu lililotoka chini ya sinki lilikuwa neno moja: "Sawa." Mjane wa miaka hamsini na mbili, mwenye cherehani mbili na akili timamu, akalitafuna neno hilo miezi miwili. Sawa ya namna gani? Mtu husema sawa hata akiambiwa daktari amechelewa.

Sheria ilitaka tangazo la ndoa likae siku ishirini na moja kwenye tovuti ya halmashauri ya mji. Tovuti yenyewe sasa, Mungu atunusuru. Ukurasa wa mbele ulimkaribisha mwenyekiti mpya, ambaye alikwisha kustaafu na kupata wajukuu. Ukibonyeza "Afya" unaletewa matangazo ya kamari. Ukibonyeza "Wasiliana nasi" simu inazimika. Binti wa mshonaji, aliyehangaika nayo asubuhi nzima akitafuta tangazo la mama yake, alilipata mwishowe, akacheka mpaka akakaa sakafuni kati ya vipande vya vitambaa.

Ndoa ilikuwa kwenye ukurasa wa zabuni. Chini yake iliandikwa: waombaji wenye uwezo wanakaribishwa, mwisho Alhamisi saa sita mchana. Na waombaji walikwisha kufika watatu.

Wakaenda mbio ofisi ya halmashauri, mshonaji akiwa na futi yake ya kupimia shingoni. Karani aliwaeleza, bila chembe ya aibu, kwamba ukurasa wa ndoa ulikufa miaka saba iliyopita. Ule wa zabuni ndio pekee unaopokea kitu, kwa hiyo kila kitu hupitia humo: ndoa, chanjo, mbwa waliopotea. Tena mwezi uliopita mbwa mmoja alipata mzabuni. Tatizo ni kwamba mashine haitoi cheti mpaka mshindi achaguliwe, na mkubwa anayechagua yuko likizo.

"Kwa hiyo Jumamosi siolewi?" mshonaji akauliza.

"Utaolewa, mama," karani akasema. "Sijui tu na nani."

Foleni nzima ikaangua kicheko, na mshonaji, ambaye alikuwa karibu kulia, akajikuta anacheka nao. Binti hakuwa na muda huo. Alikwisha kugundua kwamba ukibadilisha namba ya mwisho kwenye anwani ya tovuti, ombi la mtu yeyote linafunguka kama kabati lisilo na kitasa. Akafungua la kwanza. Kampuni ya kuchimba mitaro iliahidi kukamilisha ndoa kwa siku tisini, mvua inyeshe isinyeshe. La pili lilikuwa la jirani yao, dereva mstaafu, aliyejisifu kwa uzoefu wa miaka thelathini bila ajali. La tatu binti alilisoma kimya, kisha akampa mama yake simu.

"Mwombaji: fundi bomba," liliandikwa. "Sababu ya kuomba: nimesikia kuna wengine wawili. Sikujua kama inabidi kuomba. Naomba. Uzoefu: miaka mitatu ya bomba la jikoni kwake. Lilipona siku ya kwanza. Nati nilikuwa nailegeza mwenyewe kila nikiondoka, ili niitwe tena. Muda wa kukamilisha kazi: sitaki ikamilike."

Mshonaji alisoma mara tatu. Furaha ilimpanda mpaka akashika dirisha la karani. Nyuma yake bibi mmoja aliyekuwa akisoma ombi hilohilo kwenye simu yake mwenyewe alikuwa anafuta macho.

Ilikuwa saa sita kasoro dakika nne. Neno la siri la halmashauri lilibandikwa kwenye kioo, upande wa nje, ili karani akilisahau wananchi wamkumbushe. Mshonaji akamwomba asogee kidogo, akaingiza mkono dirishani, akaandika herufi moja moja huku foleni ikimsomea, kisha akabonyeza namba tatu. Mashine ikakoroma, ikatema karatasi: kazi amepewa mwombaji namba tatu, aripoti mara moja.

Nyumbani hakuvua hata viatu. Alichukua spana aliyoisahau fundi mwezi uliopita, akainama chini ya sinki, akailegeza nati kwa mkono wake mwenyewe mpaka maji yakamlowesha kifua. Ndipo akapiga simu.

"Fundi, bomba linavuja."



"Haliwezi kuvuja," fundi akasema polepole. "Safari hii sikuigusa nati."

"Nimeigusa mimi."

"Sawa," akasema, na nyuma ya neno hilo mlango wake ukasikika ukibamizwa.

Alifika baada ya dakika kumi, anahema, bila mfuko wa vifaa.