Wameniaga Wote

...na huyu naye ananikumbatia, wa saba sasa, jasho lake shingoni mwangu, "Kachukue ubingwa, mzee, usitusahau sisi wa mkiani," nami nacheka kama mjinga, sijui hata naenda timu gani, kocha Pruitt kanitoa tu katikati ya mchezo, na leo nilikuwa narusha vizuri, hakuna aliyeugusa mpira wangu, akaja akaninyang'anya, "Basi, Lindqvist, kakae, wakubwa wako kwenye simu," na katika besiboli kila mtu anajua maana yake, siku ya mwisho ya kuuziana wachezaji ukitolewa hivyo umeshauzwa... mwisho saa tisa, sasa ni saa tisa kasoro dakika nne... mwezi wa pili mkuu wa usajili hakunificha, "Una miaka thelathini na saba, tunakusajili ili Julai tukuuze kwa wanaowania ubingwa, sisi tupewe chipukizi wawili," nikasaini palepale, misimu kumi na sita sijaonja fainali, mke wangu Colleen akauliza, "Na wasipokutaka?" nikamfokea, watanitaka, kwa nini wasinitake... kiwiko hiki, tangu Mei kinawaka moto, sijamwambia mtu, nimemeza vidonge nikarusha, ila anayenunua lazima aone picha za daktari kwanza... Báez, mdakaji wangu, ameniomba kofia iwe kumbukumbu, keshaivaa, "Imenikaa, ee?" imekukaa, ndugu yangu, macho yake mekundu... kasoro moja... Pruitt ameshika simu ya ukutani, anasikiliza tu, mbona hasemi kitu, wameziona picha, Mungu wangu, wameziona... saa tisa. Anairudisha simu, anatazama uwanjani, hanitazami mimi, "Kocha?" namwita, anakohoa, "Baadaye, Lindqvist, baadaye," na mmoja benchini anajifanya anafunga kamba za viatu, naona haya, naona haya hadi masikioni, miezi miwili imebaki, nitakaaje na watu walioniaga kwa machozi, wataniambia nini kesho asubuhi, habari za kurudi, wakati sikwenda popote... na mimi, mtu mzima, baba wa watoto watatu, tangu Februari nimekuwa nikiomba niuzwe, kila usiku naomba niuzwe, nikadhani hiyo ndiyo heshima iliyobaki... mtu amepiga mpira mbali, jukwaa zima limesimama, wenzangu wamekimbilia ukingoni kutazama, nami nimebaki hapa kwenye benchi, sinyanyui hata kichwa.