Tata wa Watu Wote

Nyanchera alikuwa amekatazwa kukata hata jani la mgomba katika boma lake mwenyewe. Aliyemkataza, kwa adabu zote, alikuwa Duncan Obwocha, mwongozaji wa filamu kutoka Kiogoro.

"Mama Nyanchera, tafadhali. Kamera haisahau. Mtu akitoka mlangoni leo migomba iko, halafu akivuka ua migomba haipo, watazamaji watatucheka."

"Na ndizi zikiiva?"

"Ziive tu, mama."

"Zioze?"

"Tukimaliza utakata hata zote."

Nyanchera alikubali. Alikuwa na stashahada ya afya ya mifugo na duka la dawa za ng'ombe sokoni Ekerenyo, na kazi ya mtu mwingine aliiheshimu hata pale asipoielewa. Tena filamu yenyewe ilikuwa ya Kigusii, ya watu wa kwao. Ilihusu mokamwana, mke wa mwana, aliyefiwa na mume na kuachiwa shamba la chai, na baba mkwe asiyetaka kusikia habari ya mwanamke kumiliki shamba.

Baba mkwe huyo aliigizwa na Sylvanus Anyona. Kisii na Nyamira nzima, nani asiyemjua? Uso wake ulikuwa kwenye matangazo ya mabati. Kila asubuhi sauti yake ilitoka redioni ikiwaonya vijana wawaheshimu wakubwa wao. Makanisa yalimwalika kwenye harambee, akaja na kofia yake na fimbo yake, watu wakasimama. Umri wake ulikuwa umepita sitini, na hakupenda kuitwa Anyona wala Bwana Sylvanus.

"Niiteni Tata," alisema siku ya kwanza, mguu mmoja ukiwa bado ndani ya gari.

Tata ni baba. Basi wote wakamwita Tata: wapiga picha, wapishi, hata majirani waliojazana kwenye ua kutazama. Lakini hakuna aliyelitamka neno hilo kwa utamu kama Nehemiah, mume wa Nyanchera.

"Tata, nikuongeze chai? Tata, kaa hapa, kiti hiki kinashika mgongo vizuri."

"Baba yako mzazi hukumchemshia chai hata siku moja," Nyanchera alimwambia walipokuwa wawili.

"Baba yangu hakuwa kwenye televisheni."

Mokamwana aliigizwa na Linet, binti wa miaka ishirini na minne kutoka Ogembo. Ilikuwa nafasi yake kubwa ya kwanza, na hakuichezea. Alikuja mapema kuliko wote, akiwa amekariri maneno yake na ya wenzake. Nyanchera alimpenda kwa hilo, akampa chumba chake cha kulala awe anabadilishia nguo, kwa kuwa ndicho kilichokuwa na kioo kirefu.

"Kitandani usipande na viatu," alimwambia. "Mengine yote jisikie nyumbani."

Alhamisi moja mchana Nyanchera alirudi kutoka dukani kuchukua miwani aliyoisahau. Wapiga picha walikuwa nyuma ya nyumba wakihamisha mitambo. Mlango wa chumba chake ulikuwa umefungwa, na nyuma yake aliisikia sauti ya Linet.

"Tata, hapana. Nimesema hapana."

Hakubisha. Aliusukuma mlango kwa bega. Anyona alikuwa amembana binti kwenye kabati, mkono mmoja umeegemea kabati juu ya kichwa cha binti, wa pili umemshika kiunoni. Vifungo viwili vya blauzi ya Linet vilikuwa sakafuni.

Anyona hakushtuka. Ndicho kilichomkera Nyanchera kuliko kitu kingine: mtu yule hakushtuka.

"Tunafanya mazoezi, mama."

"Mazoezi gani? Chumbani mwangu hakuna kamera."

"Wewe ni mtu wa mifugo, sanaa huwezi kuielewa. Mwigizaji lazima aingie katika hisia..."

"Toa mkono."

Aliutoa. Akaitengeneza kofia yake mbele ya kioo, akatoka akikohoakohoa kama mzee anayetoka kanisani. Linet aliketi kitandani na viatu vyake, na Nyanchera hakusema neno juu ya viatu.

"Ni mara ya kwanza?"

"Kunishika, ndiyo. Maneno yalianza zamani. Nilimwambia Duncan, akasema Tata anapenda utani tu."

Nyanchera alimtafuta Duncan na kumweleza alichokiona, bila kupunguza. Duncan alisikiliza akiangalia chini, akaenda kuongea na wenzake garini. Aliporudi jikoni alikuwa na suluhisho.

"Tumeamua Linet apumzike."

"Apumzike vipi?"

"Katika hadithi tutasema mokamwana amerudi kwa wazazi wake. Onyesho moja dogo, halafu tunaendelea."

"Nikija kwako kutibu ng'ombe mgonjwa, nikamdunga sindano yule mzima, utanilipa?"

"Mama, bila Tata hakuna mfadhili. Kuna watu ishirini wanategemea kazi hii."

"Linet hayumo katika hao ishirini?"

Nyanchera alimpita Duncan, akachukua panga nyuma ya mlango wa jikoni, akaelekea chumbani alikokuwa Linet, ambaye tayari alikuwa anakunja nguo zake na kuzitia begini.

"Weka begi chini," alisema. "Naenda kufyeka migomba. Tuone watapiga picha ya nini."

Linet alimshika mkono wenye panga. "Mama, usifyeke. Ukifyeka, kazi ya kila mtu imeisha, na watasema Linet ndiye aliyeiua. Na kazi yangu pia imo humo."

Nyanchera alisimama. Hilo hakuwa amelifikiria, na alipenda kuambiwa jambo ambalo hakulifikiria, mradi liwe la kweli.

"Haya. Wewe unataka nini?"

"Nataka kumaliza kazi yangu. Na nataka kusema alichonifanyia akiwa ananisikia, mbele ya watu. Si kunong'ona jikoni."

"Utaweza?"

"Ukisimama karibu nami."

"Nitasimama. Na kesho asubuhi tunaenda polisi, mimi na wewe. Hiyo blauzi usiifue."

Saa kumi watu wote walikuwa uani wakinywa chai. Linet alisimama katikati yao na Nyanchera ubavuni mwake. Alisema mahali, alisema maneno aliyoambiwa, alisema mkono ulikuwa wapi. Alipomaliza, Anyona alicheka kile kicheko chake cha redioni.

"Watoto wa siku hizi! Nimewafundisha kuigiza, sasa wananiigizia mimi."

Wawili watatu walicheka pamoja naye, kwa mazoea. Halafu Ruth, mpambaji wa waigizaji, akaweka kikombe chake kwenye nyasi.

"Mimi pia," alisema. "Mwaka juzi, tukipiga picha kule Nyamira. Nilinyamaza kwa sababu nilikuwa na mtoto mchanga na nilihitaji kazi."

Hapo hakuna aliyecheka. Anyona aliangaza macho kutafuta mtu wake, akampata: Nehemiah, aliyekuwa amesimama na birika mkononi.

"Mwanangu, mwambie mke wako aache fujo. Hapa ni kwako."

Nyanchera alikuwa amemwandaa Linet, lakini kwa mume wake hakuwa amesema kitu. Kwa siku hizo zote Nehemiah alikuwa ametembea nyuma ya mtu huyu kama kifaranga.

"Tata," Nehemiah alisema polepole, "chumbani uliingia?"

"Niliingia kidogo. Kwa mazoezi tu."

"Chumba ninacholala na mke wangu."

"Si ni chumba tu!"

Manung'uniko yalipita uani. Mtoto yeyote aliyelelewa Ugusii anaijua chinsoni, ile heshima iliyowekwa kati ya wazazi na watoto wao. Baba hakanyagi chumba anacholala mwanawe na mkewe. Hata kitanda chao hakitazami. Anyona mwenyewe alikuwa ameihubiri chinsoni redioni miaka nenda miaka rudi.

Nehemiah aliweka birika chini.

"Ulitaka nikuite baba, nikakuita. Baba gani anaingia chumba cha mokamwana wake, anafunga mlango, anamshika mtoto wa watu? Kuanzia leo kwangu wewe ni Anyona. Na chai yangu umeshaimaliza."

Mwanamke mmoja kwenye ua alipiga makofi, akajizuia.

"Asante, Nehemiah," Nyanchera alisema. "Lakini chumba hakikuumia. Aliyeumia ni Linet. Hata angemshika barabarani, kosa ni lile lile."

"Najua. Mimi nimeanzia pale ninapojua kuongea."

Anyona alimgeukia mwongozaji. "Duncan, nikiondoka mimi, filamu yako imekufa. Unajua."

"Duncan," Nyanchera akasema, "boma ni letu. Linet akibaki, migomba inabaki na milango iko wazi. Huyu akibaki, kesho mtakuta nimepanda mahindi hapo."

Duncan aliitazama migomba, kisha akawatazama watu wake. Fundi wa sauti alikuwa amemwendea Anyona, na bila kuomba ruhusa ya mtu alikuwa anamfungua kinasa sauti kifuani.

"Mzee Anyona," Duncan alisema, na ilikuwa mara yake ya kwanza kumwita hivyo, "gari litakupeleka mjini."

Kituoni, asubuhi iliyofuata, askari wa mapokezi alimuuliza Linet alikuwa amevaa nini.

"Blauzi hii hapa," Nyanchera alijibu, akiiweka mezani, "na vifungo vyake viwili vilivyong'olewa. Andika."

Askari aliandika.

Anyona alitoa video akisema kuna maadui wanaouonea wivu umaarufu wake. Aliitoa bila kufikiri vizuri, kwa sababu chini yake wanawake wengine walianza kuandika, mmoja leo, mwingine kesho, na majina yao kamili. Watu wa mabati wakaliondoa bango. Redio ikampumzisha, bila kusema atarudi lini. Kanisa lililokuwa limemwalika kwenye harambee likamwalika mtu mwingine. Kesi ilifika mahakamani, na Linet hakukosa kufika hata mara moja.

Gharama ya kusema ilikuwa kubwa. Mfadhili alijitoa, kazi ikasimama zaidi ya mwezi, na wapo waliorudi makwao wakimlaani Linet waziwazi. Sokoni Ekerenyo mteja mmoja alimwambia Nyanchera kwamba amevunja riziki za watoto wa watu. Nyanchera alimuuzia dawa ya kupe, akamwambia riziki za watu zilivunjwa na aliyefunga mlango, kisha akamwita mteja anayefuata. Ndizi zake zilioza kwenye migomba, naye alilalamika kwa sauti, kwa kuwa alitaka filamu imalizike lakini ndizi pia alizitaka.

Duncan alirudi na mfadhili mdogo na Obadiah, mwalimu mstaafu wa Nyamira aliyewahi kufundisha wanafunzi michezo ya kuigiza. Kila onyesho la baba mkwe likapigwa upya. Duncan alikuwa amekonda, na alimwomba Linet msamaha mbele ya kikundi chote. Linet alimsikiliza mpaka mwisho, akamwambia wafanye kazi.

Likabaki onyesho la mwisho, uani. Katika maandishi, mokamwana alitakiwa kupiga magoti mbele ya baba mkwe wake na kuliomba shamba. Kamera iliwekwa chini, karibu na nyasi. Linet alisoma ukurasa wake, akaurudisha.

"Magoti sipigi."

"Linet, ndivyo ilivyoandikwa."

"Shamba aliachiwa na mume wake. Anaomba nini?"

Duncan alimgeukia Nyanchera, aliyekuwa anaanua nguo kwenye kamba.

"Usiniangalie mimi," Nyanchera alisema. "Muulize anayeigiza."

"Hata mimi nilishangaa niliposoma," Obadiah alisema kutoka kitini. "Nitambishia vipi mtu aliyepiga magoti? Asimame, nibishane naye vizuri."

Duncan alikuna kichwa. Kisha akawaambia wapiga picha wainue kamera, kwa kuwa Linet atakuwa amesimama.